Mlo wa Mchana wa Abiria wa Meli: Unavyopangwa Mombasa na Unguja

Meli ya kitalii inapofunga gati Kilindini, Mombasa, au inapotia nanga mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, mlo wa mchana wa abiria watakaoshuka huwa umepangwa zamani. Kampuni ya meli na kampuni ya nchi kavu inayopokea watalii zimekwisha kukubaliana watakula wapi, saa ngapi, wangapi kwa zamu, na nani atalipia vinywaji. Mpango huo hauanzii jikoni. Huanzia kwenye saa, ukafuata umbali, kisha usalama wa chakula. Ladha huja mwisho, na ziara nyingi huharibika pale mpangaji anapotanguliza ladha.

Ichukuliwe meli inayofunga gati saa 1:00 asubuhi na kuondoka saa 12:00 jioni. Maofisa wa uhamiaji na afya hupanda kwanza, abiria hukusanyika ukumbini na kubandikwa namba za magari yao, na kundi la kwanza hukanyaga nchi kavu karibu saa 2:00. Jioni, kila abiria hutakiwa awe melini nusu saa kabla ya kuondoka, pengine saa nzima, na mpangaji makini hutenga saa moja zaidi kwa ajili ya foleni ya barabarani. Siku ya saa 11 bandarini hubaki kuwa ziara ya saa 8 au 8 na nusu. Meli inayotia nanga nje hupunguza hata hizo, kwa kuwa abiria hushushwa na kurudishwa kwa boti, kundi baada ya kundi. Saa moja ya kula, pamoja na kushuka garini, kunawa, kwenda chooni na kupanda tena, hula sehemu kubwa ya muda huo.

Ndiyo maana ziara inayouzwa zaidi ni ya nusu siku, isiyo na chakula kabisa. Mombasa, magari hutoka Kilindini, hupita chini ya pembe za Moi Avenue, husimama Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, huzunguka Mji wa Kale na kumalizia kwa wachonga vinyago wa Kikamba wa Changamwe. Saa 6:30 watu wamekwisha rudi melini, ambako chakula kimelipiwa ndani ya nauli. Kwa kampuni ya meli mpango huu hauna hatari hata moja. Kwa mji ni hasara: mgeni ambaye chakula chake kinamngoja mezani haoni sababu ya kulipia samaki wa kupaka wa mtu mwingine. Wenye migahawa ya Mji wa Kale wanaolalamika kwamba meli huleta macho mengi na pesa kidogo wana haki, na chanzo cha lalamiko lao ni hiyo saa 6:30.

Ziara ya hifadhi ya taifa ya Tsavo Mashariki hailingani na hiyo ya nusu siku kwa lolote. Lango la Bachuma liko takriban kilomita 100 kutoka Mombasa, na Voi kilomita 150, kwa barabara kuu ya Nairobi yenye malori mengi ya mizigo. Hakuna njia ya kurudi melini kula, na ndani ya hifadhi mtu hashuki garini ila mahali palipoidhinishwa. Chakula hapa ni sehemu ya lazima ya tiketi.

Njia inayovutia zaidi kwenye ramani ni kuingia Bachuma, kupitia bwawa la Aruba huku wanyama wakitazamwa, kula upande wa Voi na kutokea lango la huko. Voi Safari Lodge imekaa juu ya kilima, na kutoka barazani mwake mgeni anaona tembo wakinywa maji bondeni bila kuacha sahani yake. Hesabu lakini inakataa. Saa 2 na robo hadi Bachuma, saa 2 na nusu ndani ya hifadhi, saa 1 ya kula na saa 3 za kurudi kutoka Voi ni jumla ya saa 8 na dakika 45, na meli ya mfano wetu haina muda huo. Mpango wa Voi hufaa meli inayolala bandarini usiku mmoja. Inayoondoka jioni ileile huwalisha abiria wake upande wa Bachuma, kwenye kambi za mahema, kisha huwatoa kwa lango waliloingilia. Mpangaji anayeahidi Voi kwa siku moja ya kawaida anaahidi kitu ambacho dereva atalazimika kukilipia kwa mwendo wa hatari barabarani, na hilo lisikubaliwe.

Mlo wa Tsavo una faida moja ambayo wengi hawaioni. Abiria wa meli hufika mbugani jua likiwa limeshapanda, na kadiri mchana unavyokaribia, simba na wanyama wengine wengi hujilaza vivulini. Kula saa 6:30 au saa 7:00 kunachukua muda ambao utazamaji ungekuwa hafifu. Viongozi wazoefu huwahi mizunguko ya asubuhi, hupeleka watu mezani wakati wa joto kali, kisha hutumia saa ya mwisho kando ya maji. Tena hawapeleki magari yote kwa pamoja. Meli moja inaweza kuleta magari 20 au zaidi, na yakifika yote saa 7:00 bufe hugeuka foleni. Yakigawanywa katika zamu mbili zenye tofauti ya dakika 45, zamu ya kwanza inakula wakati ya pili bado iko porini, na jiko hupata nafasi ya kujaza masinia upya.

Kambi zikijaa, au tiketi ikiwa ya bei ya chini, hutolewa lanchi boksi. Hiki ndicho chakula kinachodharauliwa kuliko vyote, na mara nyingi ndicho kinachohitaji akili zaidi. Boksi hufungwa alfajiri saa 11:00 na huliwa saa 7:00 mchana: saa 8 ndani ya gari lenye joto. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kupozwa, kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, au juu ya nyuzi 60 kikiwa cha moto. Boksi lililofikiriwa vizuri huanzia hapo. Yai la kuchemsha hubaki na ganda lake, ndizi na chungwa na maganda yao. Juisi ni ya pakiti iliyofungwa, mkate ni mkavu bila mayonezi. Kuku, akiwepo, husafiri ndani ya kisanduku cha barafu na kutiwa kwenye boksi dakika ya mwisho. Vifungashio navyo vina sheria yake. Tangu Juni 5, 2020 Kenya hairuhusu plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi zake za taifa, kwa hiyo chupa ndogo za maji, vijiko na vikombe vya plastiki hubaki nje ya lango. Maji huchukuliwa katika chombo kikubwa na kila abiria hujaza chupa yake. Abiria asiyeambiwa haya mapema hukaa na kiu mbugani, na kosa huwa si lake.

Unguja umbali ni mfupi, na kwa hiyo uchaguzi ni mpana. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi yako mwendo wa nusu saa hivi kutoka bandari ya Malindi. Hapa ndipo mlo wa ziara unapofikia ubora wake. Kwa saa moja na nusu mgeni amevunja jani la mdalasini, amenusa karafuu mbichi, amefunguliwa hiliki na kuonyeshwa pilipili manga ikitambaa mtini. Kisha anakaa kwenye mkeka na kuletewa pilau yenye viungo hivyohivyo, isipokuwa bizari nyembamba, inayoagizwa kutoka nje. Pembeni kuna mchuzi wa samaki wa nazi, kisamvu, kachumbari na chapati. Chakula kinaeleza matembezi, na matembezi yanaeleza chakula. Hakuna hoteli ya mjini inayoweza kuiga hilo.

Kuna jambo la kiufundi katika sufuria ile ambalo wakaguzi wa meli wangelipenda kama wangeliangalia kwa karibu. Wali una hatari yake: bakteria aitwaye Bacillus cereus huweza kustahimili kuchemshwa, kisha huzaliana wali ukiachwa upoe polepole. Mpishi wa shamba akishakausha maji hupalia: hupunguza moto wa chini na kuweka makaa juu ya mfuniko. Pilau humalizika kuiva kwa joto la pande zote mbili, na hubaki ya moto hadi inapopakuliwa. Utaratibu wa bibi zetu unakubaliana kabisa na ile kanuni ya nyuzi 60, mradi sufuria isifunuliwe kabla wageni hawajafika na makaa yasiachwe yafe. Kachumbari ndiyo ya kuchungwa zaidi, kwa sababu haipiti motoni: nyanya na vitunguu vioshwe kwa maji salama na vikatwe karibu na wakati wa kula. Vivyo hivyo matunda, ambayo ni bora yamenywe mbele ya mgeni.

Kasoro za shambani zipo. Abiria wengi wa meli ni watu wazima wenye magoti mazito, na mkeka pekee huwaadhibu. Mabenchi machache chini ya kibanda humaliza tatizo. Vyoo vikiwa viwili kwa watu 40, ratiba huchelewa huko wala si mezani. Mpangaji anayejali hukagua vyoo kabla ya kuonja pilau.

Mpangilio unaofaa ni shamba kwanza, chakula saa 5:30 au 6:00, kisha Mji Mkongwe alasiri. Wanaogeuza, wakaanza na mji na kuwaacha watu na muda huru wa kujitafutia chakula, huwatupa wageni kwenye vichochoro wakiwa na njaa, dola zisizo na chenji na papasi, vijana wanaong'ang'ania watalii mitaani, wakiwafuata. Muda huru hufaa kwa mtu mzoefu anayetaka bakuli la urojo na anayejua njia ya kurudi. Kwa kundi la watu 30 huzaa kuchelewa. Wageni wengi pia huulizia bustani ya Forodhani, kwa kuwa wameisoma sifa yake, na yafaa waambiwe mapema ukweli: wachoma mishkaki na pweza wa pale hupanga meza zao jua linapotua, saa ambayo meli ya mchana inawaita abiria wake ndani.

Fungu la mchanga la Nakupenda, karibu na kisiwa cha Changuu, lina saa ya aina yake. Samaki, ngisi na kamba huchomwa hapohapo mchangani, na fungu lenyewe huzama maji yakijaa. Wakati wa kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, na tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Mlo uliokaa vizuri Jumatatu unaweza kuwa na mawimbi miguuni Alhamisi. Hapa ratiba iliyochapwa mwaka mzima kabla haina thamani bila jedwali la maji, na neno la nahodha wa boti lipewe uzito kuliko brosha.

Ukali wa kampuni za meli kuhusu chakula cha nje una sababu ya haki. Virusi vya noro, vinavyosababisha kutapika na kuhara, huonyesha dalili saa 12 hadi 48 baada ya kuingia mwilini, na melini huenea upesi. Mlo mbaya wa Unguja utajulikana meli ikiwa bandari nyingine, na mpishi aliyekosea anaweza asijue kamwe. Kwa sababu hiyo ukaguzi hufanywa kabla, wala haufai kuachiwa siku yenyewe. Orodha ya wenye mzio wa karanga, korosho, ufuta au samakigamba kama kamba na kaa nayo hujazwa melini, lakini mara nyingi huishia mkononi mwa kiongozi wa gari. Haina faida hadi imfikie mpishi siku moja kabla, kwa maandishi anayoyaelewa, maana korosho ikishasagwa ndani ya mchuzi haitoki.

Kalenda ya dini ndiyo inayosahauliwa zaidi na wapangaji wa mbali. Ijumaa adhuhuri maduka mengi ya Mji Mkongwe hufungwa, na madereva na viongozi huenda msikitini. Mlo wa siku hiyo uwekwe wakati wa sala, wageni wakiwa wamekaa chini, na hakuna atakayepoteza muda. Ramadhani ina uzito zaidi. Unguja, kula hadharani mchana wa mfungo hakukubaliki na watu hukamatwa kwa ajili hiyo. Lanchi boksi haliwezi kufunguliwa bustanini, wala maji kunywewa vichochoroni. Hoteli na baadhi ya migahawa ya watalii huhudumia ndani, nyuma ya mapazia. Ziara ya nusu siku inayorudi melini kula nayo inafaa. Kiongozi aliyefunga naye asitembezwe juani saa nane mfululizo huku wageni wake wakila na kunywa.

Msimu wa meli za kitalii pwani hii ni kati ya Novemba na Aprili, na Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Kwa miaka yote iliyobaki ya muongo huu mfungo utaangukia ndani ya msimu huo. Ule wa 2027, mwezi ukiandama kama inavyotarajiwa, utaanza takriban Februari 8, na anayeweka sahihi mikataba ya chakula cha abiria wa mwaka huo aanze kwa kuifungua kalenda.