Tabia ya Samaki wa Maji Chumvi Inapobadilika Tangini

Samaki wa baharini anayefugwa ndani ya tangi hubadili tabia kwa sababu kuu tatu: maji yamebadilika, mwili wake umeugua, au kundi analoishi nalo limebadilika. Ugumu uko kwenye dalili, maana zinafanana mno. Kujificha, kukataa chakula, kupauka rangi na kumfukuza mwenzake vyote vinaweza kutokana na chanzo chochote kati ya hivyo. Kinachotenganisha vyanzo hivyo kwa uhakika zaidi ni muda: badiliko lililochukua dakika lina asili tofauti na lililojijenga kwa wiki.

Badiliko la ghafla, hasa likiwakumba samaki wote kwa pamoja, huelekeza kwenye maji. Mzinga, chini ya Milima ya Uluguru katika Manispaa ya Morogoro, ni mfano mzuri wa mazingira yanayobana tangi la aina hii. Kwa nyuzi joto 28, maji baridi usawa wa bahari hubeba karibu miligramu 7.8 za oksijeni kwa lita, lakini maji ya bahari hubeba karibu 6.4 tu, kwa kuwa chumvi hupunguza nafasi ya gesi. Morogoro iko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, ambapo kanieneo ya hewa hupungua kwa takriban asilimia 6, na oksijeni iliyoyeyuka hupungua kwa kiasi hichohicho. Tangi la Mzinga basi huanza na akiba ndogo kuliko la Dar es Salaam. Umeme ukikatika usiku na pampu ikasimama, samaki huanza kupandisha vichwa juu ya maji na kuhema haraka. Mara nyingi huo si ugonjwa, na dawa ikiwekwa wakati huo huongeza tatizo.

Maji yenyewe pia hayako tayari. Mto Mzinga ni miongoni mwa mito inayolisha Bwawa la Mindu, na maji yashukayo Uluguru kwa jumla ni laini, yenye madini machache. Chumvi ya mezani haiwezi kuyageuza kuwa ya bahari, kwani haina kalisi, magnesi wala kaboneti za kutosha kushikilia pH karibu na 8.2. Hutumika chumvi maalumu ya akwaria, au maji ya bahari yanayosafirishwa kilomita 190 na ushei. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini huondolewa klorini kwanza, la sivyo huunguza matamvua. Maji yanapopungua kwa mvuke, chumvi hubaki, kwa hiyo upungufu huo hujazwa maji yasiyo na chumvi. Kosa la kujaza maji ya chumvi hupandisha ukali wa chumvi tangini polepole, na samaki huzidi kuzubaa siku hadi siku bila tukio la kulaumiwa.

Amonia nayo inastahili kutazamwa kwa jicho la baharini. Sehemu yake yenye sumu huongezeka pH inapopanda: kwenye pH 8.2 ni zaidi ya mara 10 ya ile ya pH 7. Kipimo ambacho mfugaji wa sato angekipuuza bwawani kinaweza kuua hapa. Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 ili bakteria wa kuigeuza amonia wajijenge.

Ugonjwa huenda kwa siku. Kimelea cha madoa meupe, *Cryptocaryon irritans*, humfanya samaki ajikwaruze kwenye mawe hata kabla doa halijaonekana. Baada ya siku 3 hadi 7 vimelea hushuka na kuzaliana chini, madoa yakapotea, kisha hurudi kwa wingi zaidi. Mwenye tangi akidhani samaki amepona, anakuwa amesoma nusu tu ya mzunguko.

Sababu ya tatu ndiyo yenye utajiri mwingi, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Mwaka 1972 D. R. Robertson alichapisha uchunguzi wake wa samaki msafishaji, *Labroides dimidiatus*, ambaye pia huishi kwenye miamba ya pwani ya Tanzania na Kenya. Dume mmoja humiliki majike kadhaa walio kwenye ngazi ya ukubwa. Robertson alifuatilia makundi yaliyompoteza dume. Ndani ya saa chache jike mkubwa kuliko wote alianza kujibeba kama dume: kulinda mipaka na kuwatisha wengine. Baada ya takriban wiki mbili aliweza kutoa manii. Cha kuzingatia ni mpangilio wa mambo hayo: tabia hutangulia, mwili hufuata. Ukatili wa ghafla wa samaki aliyekuwa mpole huenda ni hatua ya kwanza ya kupanda cheo, na chanzo chake ni nafasi iliyoachwa wazi.

Kwa samaki wa anemoni mwelekeo ni kinyume. Hans na Simone Fricke walionyesha mwaka 1977 kwamba jike, aliye mkubwa na mtawala, akitoweka, dume wake hugeuka jike na kijana anayemfuata huwa dume. Peter Buston aliongeza mwaka 2003, kwa *Amphiprion percula* wa Papua New Guinea, kwamba wadogo hudhibiti hata ukuaji wao ili wasimtishie aliye juu. Samaki anayebaki mdogo pembeni mwa wenzake, akiwa anakula vizuri na rangi yake imekolea, haonyeshi dalili ya njaa wala maradhi. Anatii ngazi.

Kwa hiyo uchunguzi huanza na maji: joto, chumvi, amonia, mzunguko wa pampu. Yakiwa sawa, huangaliwa ngozi na upumuaji, kisha orodha ya wakazi: nani ameongezwa, nani amekufa, jiwe gani limehamishwa. Kuingiza mgeni hutibua ngazi nzima, ndiyo maana mawe hupangwa upya siku hiyohiyo ili wenyeji nao wapoteze mipaka yao. Jike wa *Amphiprion akallopisos*, jamii ya pwani yetu, akifa tangini, anayefaa kuongezwa ni kijana mdogo kuliko dume aliyebaki. Huyo atakuwa dume, na aliyebaki atageuka jike. Akiongezwa jike mwingine mkubwa wakati aliyebaki ameshaanza kugeuka, hupigana.