Uzito uko kwa mguu mmoja

Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, kwa hivyo The Natural Way to Draw nilikifungua nikiwa na kinyongo tayari. Kitabu hiki cha Kimon Nicolaïdes kilitoka 1941, miaka 3 baada yake kufa. Kinataka saa 3 kwa siku, na mtu wa kukusimamia uchi umchore. Alikofundisha, Art Students League huko New York, sawa. Lakini kwa bedsitter yangu nani atavua bure?

Kilichoniteka ni zoezi la kuchora mwili mbio mbio. Dakika moja au chini, penseli haiinuki, na huchori mkono, unachora kile mkono unafanya. Nilijaribia stejini, kwa makanga aliyening'inia mlangoni. Michoro 20 ya kwanza ilikuwa nyuzi zimechanganyikana tu. Halafu mmoja ukatoka: hauna uso, hauna vidole, lakini uzito wote uko kwa mguu mmoja. Jamaa akachungulia.

“Wee, si huyu ni mimi!”

Ratiba ya Nicolaïdes nimeiruka. Hili zoezi bado nalifanya, gari likijaa naanza upya.