Mkato Wenye Haki

Kaskazini mwa Chimala, Usangu hufunguka kuwa uwanda mpana, na msimu wa mpunga picha ya satelaiti huonyesha majaruba yaliyobanana, haya yametuama maji, yale yamekwisha kuwa kijani. Mkulima wa huko Mbarali anajua jaruba lake linapoishia. Kompyuta hupewa pikseli tu, na pikseli moja ya Sentinel-2 hufunika mita 10 kwa 10 za ardhi, hivyo tuta la hatua moja humezwa humo.

Nausifu ufundi wa kuigeuza picha hiyo kuwa mtandao. Kila pikseli huunganishwa na jirani zake, na kiungo hupewa uzito: mkubwa rangi zikifanana, mdogo zikiachana. Kugawa picha, basi, ni kuchagua viungo vya kukata.

Hesabu ya kukata huko inahusu mtiririko. Mwaka 1956 wanahisabati Ford na Fulkerson walithibitisha kuwa kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kupita katika mtandao ni sawa na mkato mdogo kabisa unaotenga chanzo na mwisho. Anayengoja maji mkiani mwa mfereji analijua hilo: hayamfikii zaidi ya yanayopenya pale palipobana.

Ila mkato wa bei ndogo una upendeleo. Hunyofoa pikseli moja ya pembeni, kwa kuwa viungo vyake ni vichache. Mwaka 2000 Jianbo Shi na Jitendra Malik walitoa dawa ninayoiona nzuri kupita kiasi: gharama ya mkato igawanywe kwa jumla ya viungo vya kila upande. Pikseli ya peke yake ikitengwa, viungo vyake vyote vimekatwa. Uwiano wake unafika 1, na ujanja unakwisha.

Jibu kamili la hesabu hiyo ni gumu mno hata kwa mashine. Shi na Malik wakaruhusu kila pikseli ibebe namba ya katikati badala ya ndiyo au hapana, na mgawanyo ukajitokeza katika orodha ya namba hizo, iitwayo vekta-aigeni ya pili ya mtandao, mahali ambapo Miroslav Fiedler wa Prague alikwisha kupaonyesha mwaka 1975.

Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Usangu, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa yenye jina la Ruaha, na mabishano ya nani anachukua maji kiasi gani huanzia kwenye ukubwa wa mashamba. Hapo uzito wa viungo unastahili kupimwa kwa picha za miezi mingi. Majaruba mawili yanayofanana Februari huachana Mei, moja likiiva kabla ya jingine. Kiungo kinalegea, na tuta lisiloonekana linapata mstari wake.