Herufi Moja, Sauti Tatu

Andika ba ya Kiarabu, uipe fatha, alama ya a. Ongeza alif, kisha ba nyingine yenye fatha. Umeandika nini? Umeandika baba. Umeandika pia papa, na bapa, na bamba, na pamba. Kwa waandishi wa zamani wa Lamu na Pate maneno yote hayo yalikaa karatasini kwa sura moja.

Nilipoanza kujifunza kusoma hati hiyo niliona ni kasoro tupu. Kiarabu hakina p wala v, hakina ch wala ng', na irabu zake fupi ni tatu ilhali zetu ni tano. Aliyeiazima akaandikie Kiswahili nilimwona kama mtu aliyevaa kanzu ya mdogo wake. Fa ilibeba f na v. Ghaini ilibeba g, ng na ng'. Kasra ilikuwa i, ikawa na e. Dhuma ilikuwa u, ikawa na o, hata kuku wa uani na yule mbwa koko wakaandikwa vilevile. M na n zinazotangulia konsonanti nyingine mara nyingi hazikuandikwa kabisa. Msomaji azitie mwenyewe.

Ilinichukua muda kuona kwamba kanzu hiyo ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya. Irudie ile alif iliyo katikati ya pamba. Kwa Mwarabu kazi yake ni kuirefusha irabu. Mwandishi wa Kiswahili aliipa kazi nyingine: aliiweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, pale sauti yetu inapokaza. Wau na ye zikatumika vivyo hivyo. Na kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hauhamihami ovyo, jicho likishakutana na herufi ya kuvuta linajua imebaki silabi moja neno liishe. Katika miswada ambamo maneno yameshikana bila nafasi, hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi. Hakuna kamati iliyokaa kulipitisha hilo. Lilitoka kwenye masikio ya watu waliokuwa wakiandika kile wanachokisikia.

Utenzi ndio unaoonyesha ufundi huu vizuri zaidi. Sisi tuliozoea vitabu vya chapa tunaupanga ubeti kwa mistari minne, mmoja chini ya mwingine. Mwandishi wa mswada aliutandaza ubeti mzima katika mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto, vipande vinne vikitenganishwa na alama ndogo. Vipande vitatu vya kwanza vina kina chao, nacho hubadilika kila ubeti. Cha nne kina kina cha bahari, ambacho hakibadiliki mpaka utenzi uishe. Kwa hiyo ukiteremsha macho ukingoni mwa kushoto unaona silabi ileile ikishuka kama shanga katika uzi. Mnakili aliyekosea kina aliumbuka hapohapo. Na msomaji aliyesitasita kati ya baba na pamba aliokolewa na maana, na mizani minane ya kila kipande, na zaidi ya yote na mahadhi, maana utenzi haukusomwa kimyakimya. Uliimbwa, na wasikilizaji wengi walikuwa wamekwisha kuusikia.

Lakini barua haina vina. Kuna barua za Kiswahili za mwaka 1711, zilizoandikwa Kilwa kwa hati hii na kuhifadhiwa mpaka leo katika nyaraka za Goa, India. Humo hapakuwa na bahari wala mahadhi ya kumsaidia msomaji, ila kujua nani anamwandikia nani na kwa shida gani. Mimi naziheshimu kuliko hata tenzi.

Katika karne ya 19, Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliona mzigo wa msomaji umekuwa mkubwa mno. Yeye ndiye aliyeshirikiana na mmisionari William Taylor kuyakusanya mashairi ya Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, kutoka vinywani mwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka. Anayeandika maneno ya marehemu hawezi kuacha baba na pamba vifanane. Sikujua hakuitupa hati; aliiongezea. Watu wa Ajemi na Bara Hindi walikwisha kuzitia herufi za Kiarabu nukta za ziada kwa ajili ya sauti zao, p na ch zikiwamo. Njia ilikuwapo, akaifuata, na e na o akazipa alama zake. Fikiria nukta tatu tu chini ya kijidau cha ba, na papa anakuwa papa.

Lamu nako alikuwako Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945: mshairi, mchonga milango, mpiga kinanda, na mnakili. Wasomi wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walimtegemea awanakilie tenzi, na kazi ya mkono wake sasa imo katika maktaba za London na Ujerumani. Nimezitazama picha za kurasa zake mara nyingi. Mistari imenyooka, vipande vimelingana kama mbao za mlango, na unahisi kwamba mkono ule ulizoea kushika patasi, usiokuwa na ruhusa ya kufuta.

Herufi za Kirumi zilizochukua mahali pa hati hii nazo zina mafumbo yake. Watu wa Mombasa na Lamu humtamka paa wa porini kwa kutoa pumzi, na paa la nyumba bila pumzi. Kaa wa pwani na kaa la moto hali kadhalika. Katika gazeti maneno hayo huandikwa sawasawa. Bado hatujakosea tukala kaa la moto.