Safu ya Kabila katika Karatasi ya Mhusika: Adabu na Kutovumiliana katika Michezo ya Uigizaji ya Mezani kwa Mtazamo wa Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya kanuni za michezo ya uigizaji ya mezani, hususan Dungeons & Dragons, kwa kuzingatia suala la adabu na kutovumiliana miongoni mwa wachezaji. Mjadala unaongozwa na tajriba ya kujaribu kutafsiri karatasi ya mhusika kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Makala yanadai kwamba ruhusa ya kumkejeli mwenzako mchezoni haitokani na ubunifu peke yake. Hulipiwa kwa wajibu, kama utani unavyodhihirisha. Pale ambapo wajibu huo haupo, kitabu cha kanuni hubeba lawama kabla ya kinywa cha mchezaji.

Utangulizi

Mchezo wa uigizaji wa mezani ni hadithi inayosimuliwa na watu kadhaa kwa pamoja. Mmoja wao, msimamizi wa mchezo, hueleza mahali na mikasa; kila mmoja wa waliobaki hubeba mhusika wake, husema kwa kinywa cha mhusika huyo na kuamua atende nini; na pale ambapo matokeo hayajulikani, dadu hurushwa. Mchezo uliofungua njia, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa nchini Marekani mwaka 1974. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atautambua upesi. Ni utendaji ambao ndani yake fanani na hadhira wamekuwa watu walewale, na ambao hautamkwi mara mbili kwa namna moja.

Wanaoucheza wamekuwa wakigombana kwa miaka mingi kuhusu adabu: nani anakaribishwa mezani, mzaha upi umevuka mpaka, na kama kitabu cha kanuni kinaweza kuwa na ubaguzi ilhali kinazungumzia viumbe wasiokuwako. Ugomvi huo umeendeshwa zaidi kwa Kiingereza na watu ambao kwao suala la asili ya mtu, hata linapouma, halijawapeleka uhamishoni. Ninauangalia nikiwa Endiinzi, katika wilaya ya Isingiro inayopakana na Tanzania. Wilaya hiyohiyo ina makazi ya Nakivale, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na ambayo leo yanakaliwa na Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kiswahili, hasa kile cha Kongo, ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni na viwanjani. Kwa mwenyeji wa Mbarara jambo hilo lina ajabu yake, kwa kuwa Waganda wengi waliokomaa bado wanakisikia Kiswahili kama lugha ya kambi za jeshi. Mkimbizi amekileta tena kama lugha ya kununulia nyanya.

Nilikaa kutafsiri karatasi ya mhusika nikiwa na nia ya kuitumia na vijana wa makazi hayo. Safu ya jina haikunipa taabu. Safu ya kazi vilevile: mpiganaji, mwizi, kasisi, mchawi (ingawa kuhusu mchawi nilisita kidogo, nikijua namna neno hilo linavyoweza kumfukuza bibi kizee kijijini). Safu iliyonikwamisha ni ile inayouliza mhusika ni wa kundi gani la viumbe. Kwa Kiingereza, kwa takriban miaka 50, safu hiyo ilitumia neno ambalo kamusi zetu hulipa visawe vya mbari, rangi au kabila.

Neno na wanaolisoma

Tuanze na mbari. Kwa msomaji wa magazeti ya Kiswahili, neno hili limefungamana na fungu moja la maneno kuliko yote: mauaji ya kimbari. Haliwezi kuandikwa juu ya karatasi ya mchezo huko Nakivale bila kuileta Rwanda ya 1994 mezani. Kabila nalo si jepesi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwapa Wanyarwanda vitambulisho vilivyotaja kundi la kila mtu: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Neno la Kinyarwanda lililotumika katika vitambulisho hivyo ni ubwoko, ambalo kwa matumizi ya kawaida humaanisha aina, na pia ukoo. Neno la kawaida kabisa liligeuzwa kuwa safu katika karatasi, na mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, safu hiyo ikaamua nani apite na nani auawe. Serikali iliyofuata iliiondoa.

Mtu anaweza kupinga kwamba ninachanganya mambo: karatasi ya mchezo si kitambulisho, na kiumbe wa kubuni hana ndugu wa kuomboleza. Pingamizi hili linastahili kujibiwa kwa kuitazama safu yenyewe inafanya kazi gani. Katika matoleo ya zamani ya Dungeons & Dragons, kundi alilozaliwa nalo mhusika liliamua kipimo cha nguvu zake, akili zake na hata kazi alizoruhusiwa kuzifanya. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kiliongeza kikomo cha nguvu kwa wahusika wa kike, chini ya kile cha wanaume. Viumbe walioitwa orki walielezwa kuwa waovu kama kabila zima. Vivyo hivyo watu wa chini ya ardhi wenye ngozi nyeusi, walioitwa drow. Huo ndio utaratibu wa kitambulisho cha kikoloni: kuzaliwa hutangulia tabia, na karatasi hutangulia mtu.

Wachapishaji wenyewe wamelazimika kulikubali hilo. Mwaka 2020 kampuni ya Wizards of the Coast ilitangaza kwamba orki na drow wataonyeshwa kuwa jamii zenye watu wa kila namna. Mwaka 2022 iliomba radhi kwa kitabu kilichosimulia habari za viumbe mfano wa nyani waliokuwa watumwa, simulizi ambayo wasomaji wengi waliona inarudia kejeli za kale dhidi ya watu weusi. Mwishoni mwa mwaka huohuo ilitangaza kuliacha neno la zamani na kuweka neno la kibiolojia, ambalo katika vitabu vyetu vya shule ni spishi. Toleo la mwaka 2024 likafuata mkondo huo, na nyongeza za uwezo zikahamishwa kutoka kwenye kuzaliwa hadi kwenye maisha aliyoyapitia mhusika.

Badiliko la mwisho ni zuri na nitalirudia. La spishi, kwa Kiswahili, ni kuruka mkojo na kukanyaga kinyesi. Spishi ni neno la darasa la sayansi, la samaki wa ziwani na wadudu waharibifu wa mahindi. Ukimwambia kijana aliyesikia watu wake wakiitwa nyoka au mende kwamba mhusika wake ni wa spishi nyingine na ya jirani yake, hujamwondolea neno chungu. Umempa lililo karibu zaidi na lile lililomkimbiza.

Wapo watakaoniuliza habari za zimwi. Ngano zetu zimejaa mazimwi walao watu, na hakuna mhakiki aliyedai haki zao. Ni kweli. Lakini zimwi wa ngano hana safu. Hatuambiwi asilimia ya uovu wa ukoo wake. Tunamwona mmoja, na tunamjua kwa anachokitenda. Hata katika ngano ambamo zimwi huoa binti mrembo, hofu yetu hutokana na binti kutomjua mumewe, si na orodha ya sifa za mazimwi wote.

Ubunifu wenyewe, basi, si tatizo. Tangu mwaka 2004 redio nchini Rwanda zimerusha mchezo wa Musekeweya, uliobuniwa na shirika la Radio La Benevolencija, unaohusu vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro. Mhutu na Mtutsi hawatajwi. Chuki ya vijiji hivyo ina chanzo: ardhi, uhaba, kiongozi mwenye tamaa. Msikilizaji anaiona ikizaliwa, kwa hiyo anaweza kuiwazia ikifa. Chuki iliyoandikwa katika safu ya kuzaliwa haina mlango wa kutokea.

Kinywa cha mhusika

Wachezaji wana udhuru mmoja ambao umekuwa maarufu kiasi cha kuchekwa nao wenyewe: kwamba hayo ndiyo ambayo mhusika wangu angefanya. Mtu humwibia mwenzake, humtukana, humdhalilisha msichana pekee aliye mezani, kisha hujificha nyuma ya mhusika. Mwanasosholojia Gary Alan Fine, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu wachezaji wa Marekani, alikwishaonyesha kwamba mtu anayecheza hukaa katika ngazi kadhaa kwa wakati mmoja: yeye mwenyewe, yeye kama mchezaji, na mhusika wake. Udhuru huu hutumia ngazi moja kuikimbia nyingine.

Jamii za Afrika Mashariki zina taasisi iliyolitatua jambo hili zamani. Mtani huruhusiwa kutukana, kunyang'anya, hata kumkejeli maiti mbele ya wafiwa, na anayekasirika ndiye mkosaji. Moreau aliuchunguza utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na Radcliffe-Brown alijaribu kuueleza kinadharia mwaka 1940. Wataalamu wa kigeni walivutiwa zaidi na matusi. Sisi tuliokua na watani tunajua kwamba matusi ni nusu tu ya jambo. Mtani anayemkejeli marehemu ndiye pia anayeshika jembe kaburini na kuteka maji ya wageni. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo wanataniana. Baina ya vita na mzaha huo kuna makubaliano ya vizazi kwamba kila upande utausaidia mwingine siku ya msiba. Ruhusa ya kutukana imelipiwa.

Mchezaji anayesema ni mhusika wangu anadai ruhusa ya mtani bila kulipa. Hajamzika mtu wa yeyote. Nakivale, ambako Mkongo wa Kivu anaweza kuketi na Mrundi, na Mnyarwanda na Msomali, hakuna utani uliorithiwa baina yao. Miaka waliyoishi jirani ni michache mno kuuzaa. Huonekana hata kwenye drafti inayochezwa kwa vizibo vya soda juu ya ubao uliochorwa kwa mkono. Mzaha kuhusu uchezaji hupokelewa kwa kicheko. Mzaha ukigusa mahali mtu alikotoka, vicheko hupungua, na aghalabu mzee mmoja hugeuza mazungumzo upesi.

Bao, igisoro na omweso vina fadhila ambayo sijaiona ikisemwa vya kutosha. Kete hazina rangi ya upande. Ukizila za mwenzako unazipanda kwako, na kuanzia hapo zinakupigania sawa na zako za mwanzo. Sidai kwamba waliobuni michezo hiyo walikusudia fundisho. Pengine ilikuwa tu wepesi wa kuokota mbegu za aina moja. Hata hivyo hakuna mchezaji wa bao anayeweza kusema kete fulani ni mbovu kwa kuzaliwa.

Kadi mezani

Wachezaji wa Marekani wamebuni dawa yao. John Stavropoulos alipendekeza kadi yenye alama ya X iwekwe katikati ya meza: yeyote anayeguswa vibaya na kisa aiguse au kuiinua, na kisa kiachwe bila kudaiwa maelezo. Wapo wanaoikejeli kuwa ni kinga ya watu laini. Kejeli hiyo haina uzito. Mchezo wa mpira una kipenga na haujawa laini.

Shaka yangu ni nyingine. Kadi hiyo inamchukulia kila aliyeketi kuwa na mkono mwepesi. Kijana aliyefika makazini mwezi uliopita, mbele ya kaka wa mwenyeji wake, aliyelelewa kwamba mdogo hamkatizi mkubwa, hatainua kitu. Na akiinua, hata asipoulizwa neno, ameshajibu: kila mtu ameona ni kisa kipi kilichomuuma, na hivyo amejua anatoka upande upi. Adabu ya kadi humtaka aliyejeruhiwa aoneshe kidonda ili kisiguswe tena.

Utafiti wa Elizabeth Levy Paluck kuhusu wasikilizaji wa Musekeweya, uliochapishwa mwaka 2009, una msaada hapa. Mchezo huo haukubadilisha sana imani za watu binafsi. Ulibadilisha walivyoelewa mambo yanayotendeka na yasiyotendeka katika jamii yao. Kwa meza ya mchezo, maana yake ni kwamba si lazima tungoje mioyo isafishwe, na wala tusimwachie aliyeumia kazi ya kutangaza mpaka. Mpaka uwemo katika karatasi anayopewa kila mtu kabla dadu halijarushwa.

Kwa sababu hiyo nilifuta mbari, nikafuta kabila, na spishi sikuiandika kabisa. Kwa muda niliweka Anatoka wapi, nikiamini ni swali la ukarimu, hadi nilipokumbuka ni mara ngapi mkimbizi ameulizwa hivyo na mtu aliyeketi nyuma ya meza. Katika rasimu iliyopo sasa safu ya tatu inasema Amejifunza nini, na kwa nani. Kiumbe mwenye masikio yaliyochongoka bado anaweza kuchezwa, maana masikio yana nafasi yake chini, pamoja na kimo na nguo. Nguvu zake zinatokana na mwalimu wake, na mchezaji hana budi kumtaja mwalimu huyo kwa jina.