Miliwati 200 Ndani ya Tochi ya Mfukoni

Kuanzia mwaka 2007 hivi, palizuka Marekani biashara ndogo ya mafundi wa nyumbani. Fundi ananunua tochi ya alumini ya betri mbili, anafungua draivu ya kuandikia DVD iliyokwisha kazi, anatoa diodi ya leza iliyomo na kuihamishia kwenye tochi. Kisha anaiuza. Tangazo lake halikuwa na maneno mengi: leza nyekundu ya mkononi, miliwati 200, inawasha kiberiti, inapasua puto. Tuichambue tochi hiyo jinsi ilivyo, tuanze na ile 200, maana ndiyo iliyopanga bei.

Diodi yenyewe haikuwa siri. DVD ilipoingia sokoni mwaka 1996 ilisomwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650, na kusoma tu kunahitaji nguvu ndogo sana. Kuandika ni habari nyingine. Draivu ya mwendo wa 16x huiendesha diski mpaka sehemu inayoandikwa inapita mbele ya lenzi kwa mita zipatazo 56 kwa sekunde, mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Alama fupi kuliko zote kwenye DVD ina urefu wa mikroni 0.4. Gawanya, utakuta leza ina takriban nanosekunde 7 za kuichoma rangi iliyomo ndani ya diski ili iache alama. Ndiyo maana watengenezaji wa diodi walilazimika kuongeza nguvu kila mwendo wa draivu ulipopanda, mpaka kifaa chenye kipenyo cha milimita 5.6 kikawa kinatoa vipigo vya miliwati 200 na zaidi. Draivu hizo zilitengenezwa kwa wingi mno, zikashuka bei, zikaharibika, zikatupwa. Malighafi ya fundi wetu ilikuwa takataka ya ofisi.

Zingatia neno vipigo. Ndani ya draivu diodi hupumzika kati ya alama na alama. Ndani ya tochi huwaka mfululizo. Fundi anayesoma miliwati 200 za vipigo na kudhani amepewa miliwati 200 za kudumu ameshakosea kabla hajashika chuma cha kulehemu, na tofauti hiyo ndiyo iliyoua diodi nyingi.

Kifaa hiki hakifi kwa kelele. Kwanza kuna umeme tuli wa mwilini, ambao mtu hausikii lakini unatosha kukimaliza. Fundi makini alifunga miguu ya diodi pamoja kwa uzi wa shaba kabla ya kuichomoa. Halafu kuna mkondo. Balbu ikizidishiwa umeme kidogo huwaka zaidi, maisha yake yakapungua. Diodi ya leza ina mpaka mkali: uso mdogo unaotolea mwanga ukipata joto kupita kiasi huungua kwa kufumba na kufumbua, na kinachobaki kinatoa mwanga hafifu wa kutawanyika, kama taa ya kuonyesha kuwa redio imewashwa. Juu ya joto hilo, diodi inavyopata moto ndivyo inavyobadilisha tabia yake kwa umeme, na ikifungwa moja kwa moja kwenye betri yenye nguvu hujivutia mkondo mkubwa zaidi.

Suluhisho la kawaida lilikuwa saketi ndogo yenye kidhibiti cha LM317, kipande cha bei ndogo kinachopatikana duka lolote la vipuri vya redio. Kikifungwa kudhibiti mkondo, hushikilia volti 1.25 juu ya rezista moja. Weka rezista ya omu 5 na mkondo utakuwa ampea 0.25, betri ikiwa imejaa au imechoka. Pima sasa hesabu nzima. Diodi ya aina hii huanza kutoa mwanga wa leza mkondo unapofika miliampea 65 hivi, na baada ya hapo kila miliampea huleta karibu miliwati moja. Kwa miliampea 250, mwanga ni miliwati 185 au pungufu kidogo. Kwa hiyo namba ya kwenye tangazo haikuwa uongo. Ilikuwa makadirio, tena ya kabla ya lenzi, na lenzi za plastiki zilizotumiwa na wengi hula sehemu ya mwanga unaopita.

LM317 ina ulafi wake. Inahitaji takriban volti 3 zaidi ya zile zinazofika kwenye diodi, na diodi yenyewe inakula volti 2.8 hivi. Betri mbili za kawaida za AA, zenye volti 3 kwa jumla, hazifiki popote. Fundi akalazimika kuweka seli mbili za lithiamu, volti 7.4, na hapo ukipiga hesabu unakuta wati 1.85 zinatoka kwenye betri ili wati 0.185 zitoke kama mwanga. Moja kwa kumi. Zilizobaki ni joto, karibu nusu wati ikiwa ndani ya diodi na zote zilizosalia ndani ya saketi. Kazi nzuri ilijulikana hapa. Fundi hodari alichonga kipande cha alumini au shaba kilichokaa barabara ndani ya shingo ya tochi, akaibana diodi humo bila nafasi ya hewa, ili mwili mzima wa tochi usaidie kupoza. Fundi wa haraka alishindilia gundi. Tochi zote mbili zinawaka sawa sekunde kumi za kwanza, na picha za matangazo hazihitaji zaidi ya sekunde kumi.

Hilo linatuleta kwenye ushahidi wa kiberiti na puto, ambao mimi nauona dhaifu kuliko namba yenyewe. Kichwa cha kiberiti chenye rangi ya giza na puto jeusi hunyonya mwanga mwekundu karibu wote. Puto jekundu huurudisha au huupitisha, na leza ileile inaweza kuliangaza bila kulitoboa. Tena, kinachochoma si nguvu peke yake, ni nguvu iliyokusanywa mahali padogo: zungusha lenzi mpaka mwale ukutane sentimita chache mbele na hata leza dhaifu zaidi itawasha kiberiti kilichopakwa wino mweusi. Mnunuzi anaonyeshwa moshi, anaamini amepimiwa nguvu. Kipimo halisi ni mita ya nguvu ya leza inayopokea mwanga wote kama joto, ikasomwa baada ya diodi kupata moto, wala si pale inapowashwa tu ikiwa baridi. Wauzaji waliokuwa na mita walionyesha grafu ya dakika nzima, na grafu hiyo ilikuwa ikishuka. Ningekuwa mnunuzi, ningemwamini yule mwenye grafu inayoshuka.

Rangi nyekundu nayo ilikuwa na shida ya kibiashara ambayo ndani yake mna hatari. Jicho la binadamu huiona nanomita 650 vibaya. Mwanga wa kijani wa nanomita 532, kwa nguvu ileile, huonekana mkali mara nane hivi. Wapenzi wa soka watakumbuka usiku wa Machi 29, 2022 karibu na Dakar, uso wa Mohamed Salah wa Misri ulivyogeuka kijani kwa leza za mashabiki alipokwenda kupiga penalti dhidi ya Senegal. Hata leza ndogo ya kijani huonekana kutoka mbali. Miliwati 200 za wekundu huonekana kama miliwati 24 za kijani, basi mwenye tochi hujiona ana kitu cha wastani. Kuona na kuungua ni mambo mawili. Retina hupokea joto la miliwati 200 zote.

Linganisha na jua. Ukilitazama mchana, mboni ikiwa imejibana kufikia milimita 2, zinaingia takriban miliwati 3, na taswira ya jua kwenye retina ina upana wa karibu milimita 0.15. Tumekatazwa tangu utotoni kufanya hivyo. Mwale wa tochi hii ni mwembamba kuliko mboni iliyofunguka gizani, unaingia wote, na jicho linauminya mpaka doa dogo zaidi ya hilo la jua. Kope huchukua robo sekunde kufunga. Hesabu za usalama zinazotegemea robo sekunde hiyo hutoa umbali wa hatari wa karibu mita 100 kwa leza ya miliwati 200 yenye mtawanyiko wa kawaida. Mita 100 ni uwanja mzima wa mpira, na mtu aliye upande wa pili hajui kuwa kuna kitu cha kuogopa.

Miwani ndiyo sehemu iliyowaponza wengi. Kupunguza miliwati 200 kufikia 1 kunahitaji kioo kinachozuia mara 200 katika nanomita 650, na kioo hicho huwa cha rangi ya buluu au kijani. Wanunuzi wengi waliona leza nyekundu wakadhani miwani nyekundu ndiyo mwenzake. Kioo chekundu ni chekundu kwa sababu kinapitisha mwekundu. Afadhali asiye na miwani kabisa, maana anajua hana.

Yote haya ni mambo ya fundi na jicho lake mwenyewe mpaka anapopokea malipo. Kwa kanuni za Marekani, zilizo chini ya mamlaka ya chakula na dawa, yaani FDA, anayeunda leza na kuiuza ni mtengenezaji sawa na kiwanda. Kati ya miliwati 5 na 500 leza nyekundu ya namna hii huingia Daraja la IIIb, na kanuni ya 21 CFR 1040.10 inataka iwe na swichi ya ufunguo unaotoka, mahali pa kuunganisha kikatizo cha mbali, kiashiria kinachotangulia mwale ili mtu apate muda wa kujihadhari, kizuizi cha mwale, lebo za onyo zenye nguvu na urefu wa mawimbi, pamoja na taarifa iliyopelekwa kwa mamlaka kabla ya mauzo. Kielekezi cha kawaida hakiruhusiwi kuzidi miliwati 5. Baadhi ya wauzaji walijaribu kukwepa kwa kuita bidhaa zao leza za kubebeka badala ya vielekezi. Jina hilo liliwaondoa kwenye kikomo cha 5, likawaacha palepale kwenye orodha ya ufunguo, kiashiria na taarifa.

Kinachonishangaza ni kwamba sehemu hizo hazikuwa ngumu kwa watu hawa. Fundi anayeweza kuchonga kipoza joto kwa usahihi wa sehemu ya milimita hashindwi kufunga swichi ya ufunguo na saketi ya kuchelewesha mwanga. Aliziacha kwa sababu hazionekani kwenye picha ya puto, na kwa sababu kila moja inanenepesha tochi inayosifiwa kwa wembamba wake. Viwanda navyo havikuwa na rekodi ya kujivunia. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipima vielekezi 122 na kutangaza matokeo mwaka 2013: karibu asilimia 90 ya vya kijani na 44 ya vyekundu havikutimiza kanuni. Kwingine serikali hazikungoja. Australia ilizuia uingizaji wa vielekezi vya zaidi ya miliwati 1 mwaka 2008, baada ya marubani kumulikwa.

Soko la wekundu lilivunjwa na projekta. Mwaka 2010 diodi za buluu za nanomita 445, zenye nguvu ya takriban wati 1 kila moja, zilianza kuchomolewa kwenye projekta za Casio, na kampuni ya Wicked Lasers ikatoa leza ya Arctic kwa karibu dola 200. Lucasfilm ikawaandikia barua kulalamika kuwa inafanana na panga za mwanga za filamu zake. Mafundi wa nyumbani walifuata, wakatumia mtindo uleule wa tochi za alumini, na mkondo mkubwa zaidi. Wati 1 ni Daraja la 4, ambako hata mwanga unaorudi kutoka ukutani kwa karibu unaweza kudhuru. Na mteja wa zamani aliyekuwa amenunua miwani sahihi ya leza nyekundu, ile ya kioo cha buluu, alikuwa na kioo kinachopitisha rangi ya leza yake mpya.