Mshale Kwanza, Hesabu Baadaye: Kanuni ya Kitanzi cha Volteji

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita anayepewa sakiti yenye betri mbili kwa kawaida hakwami kwenye kuzidisha wala kugawanya. Anakwama kwenye alama. Ameshaandika volti 12, ameshaandika ukinzani, kisha kalamu inasita: hapa anajumlisha au anatoa? Akibahatisha vibaya, hesabu nzima inapotea ingawa tarakimu zote alizoandika ni sahihi.

Kanuni yenyewe ni fupi. Ukizunguka kitanzi chochote cha sakiti mpaka ukarudi ulikoanzia, jumla ya volteji zilizopanda na zilizoshuka njiani ni sifuri. Aliyeiandika ni Gustav Kirchhoff, mzaliwa wa Königsberg katika Prussia. Mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 21, alichapisha makala katika jarida la Annalen der Physik und Chemie kuhusu namna umeme unavyosambaa katika bamba bapa, hasa la duara. Kanuni zake mbili zilikuja mwishoni mwa makala hiyo. Ya kwanza ni ya makutano ya nyaya: mkondo unaoingia ni sawa na unaotoka. Ya pili ndiyo hii ya kitanzi. Georg Ohm alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1827 uhusiano wa volteji, mkondo na ukinzani, lakini sheria yake peke yake haitoshi pale nyaya zinapogawanyika matawi na betri zinapozidi moja. Kirchhoff ndiye aliyeifungulia njia ya kuingia humo.

Kwa nini jumla iwe sifuri? Volti moja maana yake ni juli moja ya nishati kwa kila kulombu moja ya chaji. Chaji ikipita ndani ya betri ya volti 12 kutoka hasi kwenda chanya, kila kulombu hupewa juli 12. Ikipita kwenye rezista, nishati hiyo hugeuka joto. Mfano wake ni mlima: mpanda Kilimanjaro anayeondoka langoni, akafika kilele cha Uhuru chenye mita 5,895, kisha akarudi lango lile lile, amepanda jumla ya mita sawasawa na alizoshuka, hata kama alipita mabonde mangapi. Potenshali, yaani nishati ya kila kulombu mahali ilipo, ndiyo kimo cha chaji, na kila nukta ya sakiti ina kimo kimoja tu.

Sasa tuiweke kazini. Betri A ina volti 12 na ukinzani wa ndani wa omu 1. Betri B ina volti 9, nayo ukinzani wake wa ndani ni omu 1. Zimeunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na zote mbili zinalisha rezista moja ya omu 10. Mkondo wa kila tawi ni kiasi gani?

Hatua ya kwanza ni kuchora mishale kabla ya kuandika tarakimu yoyote. Tuseme mkondo I₁ unatoka upande chanya wa A, na I₂ unatoka upande chanya wa B. Yote miwili inakutana juu, kwa hiyo rezista inapitisha I₁ + I₂ kwenda chini. Hakuna anayejua bado kama mishale hiyo ni ya kweli, wala si lazima ajue. Kinachotakiwa ni kwamba mshale ukishachorwa usiguswe tena mpaka jibu lipatikane.

Hatua ya pili ni kutembea. Tunaanza chini, upande hasi wa A. Tukipita betri kutoka hasi kwenda chanya tunapanda: +12. Tukipita ukinzani wake wa ndani tukifuata mshale wa mkondo tunashuka: −I₁. Tukiteremka kupitia rezista, tukifuata mshale tena: −10(I₁ + I₂). Tumerudi tulikoanzia, kwa hiyo:

12 − I₁ − 10(I₁ + I₂) = 0

Kitanzi cha betri B kinatembewa vivyo hivyo:

9 − I₂ − 10(I₁ + I₂) = 0

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Alama ya betri inaamuliwa na upande unaoingilia na unaotokea, basi; mwelekeo wa mkondo hauhusiki. Alama ya rezista inaamuliwa na kama unatembea pamoja na mshale wa mkondo au kinyume chake. Ukitembea kinyume, unapanda, na alama inakuwa ya kujumlisha. Anayechanganya maswali haya mawili hukosea hata akiwa hodari wa aljebra. Kosa jingine la kawaida ni kuandika 10I₁ tu kwenye rezista ya pamoja, kana kwamba mkondo wa B haupiti pale.

Tukipanga upya milinganyo tunapata 11I₁ + 10I₂ = 12, na 10I₁ + 11I₂ = 9. Tukitoa wa pili kwenye wa kwanza: I₁ − I₂ = 3. Tukijumlisha yote miwili: 21(I₁ + I₂) = 21, yaani I₁ + I₂ = 1. Basi I₁ ni ampea 2, na I₂ ni ampea −1.

Wengi wakiiona hiyo −1 huanza kufuta. Wasifute. Alama ya kutoa inasema kwamba mkondo wa betri B unakwenda kinyume na mshale tuliouchora: unaingia upande chanya badala ya kutoka. Betri A inalisha rezista na wakati huohuo inaisukumia umeme betri B. Kama B ni ya kuchajiwa, inachajiwa. Kama ni ya kutupwa baada ya kuisha, inapashwa moto na inaweza kuharibika. Ndiyo sababu fundi makini wa sola hakubali kuunganisha sambamba betri za volteji tofauti.

Jibu lina njia mbili za kulipima. Kwanza, kitanzi cha nje kinachopita betri zote mbili bila kugusa rezista: 12 − 2 − 1 − 9 = 0. Pili, nishati. Betri A inatoa wati 24. Ukinzani wake wa ndani unakula wati 4, wa B unakula wati 1, rezista inachukua wati 10, na wati 9 zinaingia katika betri B. Jumla ni 24, hakuna iliyopotea.

Mwanafunzi anaweza kuuliza kwa nini kitanzi hicho cha nje hakikutumika kama mlinganyo wa tatu. Kirchhoff alilijibu hilo mwaka 1847: idadi ya vitanzi vinavyojitegemea ni matawi, toa makutano, ongeza moja. Sakiti yetu ina matawi matatu na makutano mawili, hivyo vitanzi viwili vinatosha. Cha tatu ni tofauti ya hivyo viwili, na ukikilazimisha unaishia kupata 0 = 0.

Aljebra ikishakaa sawa, bado kuna dhana potofu za kung'oa. Lillian McDermott na Peter Shaffer wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha mwaka 1992 utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi wengi wa chuo huamini betri hutoa mkondo uleule katika kila sakiti, na kwamba mkondo huo hutumika ukaisha njiani. Mwenye imani hiyo anaweza kukariri milinganyo na kufaulu mtihani, kisha ashindwe kusema taa ipi itawaka zaidi.

Kanuni hii pia ina mpaka wake, na anayejifunza anastahili kuonyeshwa mpaka huo mapema. Michael Faraday aligundua mwaka 1831 kwamba nguvu ya sumaku inayobadilika huzalisha umeme ndani ya kitanzi; hapo jumla ya volteji za kitanzi si sifuri tena. Chukua kitanzi cha rezista mbili, omu 100 na omu 900, bila betri, na katikati yake kuna koili inayozalisha volti 1. Mkondo ni miliampea 1. Mita iliyolazwa upande wa rezista ndogo itasoma volti 0.1, na iliyolazwa upande wa pili, ikiwa imegusa nukta zilezile mbili, itasoma 0.9 kwa alama iliyo kinyume. Robert Romer alilichambua jambo hili mwaka 1982 katika jarida la American Journal of Physics: njia ya nyaya za mita nayo ni sehemu ya kipimo. Ndiyo maana, panapokuwa na transfoma au mota karibu, mpimaji wa volteji ndogo husokota nyaya mbili za mita pamoja. Eneo kati ya nyaya linapungua, nguvu ya sumaku inayopita humo inapungua, na kosa la usomaji linapungua nalo.